Managu ya Mama Mkwe

"Mimi mwanaume hajawahi kunipandisha sauti," alisema Kerubo, huku akiupiga ngumi unga wa chapati kana kwamba umemkosea adabu. "Tangu nizaliwe. Waulize wasichana wote pale kliniki. Wenzangu wanalia chooni, wanarusha simu ukutani, wanashinda wakiblokiana. Mimi? Nanyamaza. Nakunywa maji. Naendelea na kazi yangu."

"Mm," alisema dada yake, Phyllis.

"Sasa hiyo mm ni ya nini?"

"Ni ya kawaida. Wewe kanda."

Ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko Doha, na jua la Aprili lilikuwa limeshalijaza dirisha la jikoni tangu asubuhi. Msomaji, yashike vizuri maneno hayo ya Kerubo. Hayatafika mchana yakiwa mazima.

Walikaa Al Wukair, katika villa kubwa ambayo mwenyewe aliikatakata ikawa nyumba za watu wengi. Phyllis, muuguzi asiyecheka ovyo, na mumewe Augustine walipanga sehemu ya chini. Kerubo, mdogo wake, aliyekaa mapokezi kwenye kliniki ya meno, alipewa chumba cha nyuma. Juu yao waliishi mwalimu wa Kimisri na familia yake. Na nyuma ya nyumba, upande wa mashine za AC ambako Phyllis hakukanyaga kwa sababu vumbi lilimwamshia pumu, kulikuwa na uwanja, hoshi kama kila mtu wa Doha anavyouita, awe Mwarabu asiwe Mwarabu.

Uwanja huo ndio ulioleta maneno.

Mwezi wa pili, baada ya ibada, Phyllis alitangaza kwamba mama yao angekuja kutoka Nyamira, kule Kenya, kula Pasaka nao. Kerubo alijua maana yake. Kwao, mwanaume anayekaa mezani mbele ya Mama siku ya sikukuu si mgeni tena. Mama akirudi nyumbani, wazee wanaambiwa jina. Na jina likishatajwa kwa wazee, halifutwi ili liandikwe lingine.

Phyllis alikuwa na jina lake tayari: Job, kijana wa kompyuta, mwenye fleti The Pearl, kisiwa cha wenye pesa, aliyewahi kuja na keki yenye maandishi. Kerubo naye alikuwa na jina lake, ila hakuwahi kulitamka kwa sauti. Lilikuwa la Joram, dereva wa nyumba ya Waarabu huko Al Wakrah, mrefu, mwenye pengo dogo la mbele ambalo kila alipocheka lilimvurugia Kerubo mawazo.

Joram alikuwa amesimama karibu siku ile, akasikia. Badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, akapiga kifua.

"Dada Phyllis, nipe hicho kipande cha mchanga nyuma ya nyumba yako. Mimi ni mtu wa Kitale. Pasaka mama yako atakula managu, ile mboga chungu ya kwetu, kutoka hapo hapo, asahau kama alipanda ndege."

Phyllis alimtazama kutoka viatu hadi nywele. "Sawa. Mama akila managu kutoka uwanja wangu, kiti cha Pasaka ni chako, na mimi mwenyewe nitakutambulisha. Asipokula, kiti ni cha Job, na wewe usinizungushe tena."

"Imeisha hiyo," Joram alisema, akimkonyeza Kerubo.

Ingekuwa vizuri kama ingeishia hapo. Watu wa Doha wenye nyua wanajua kazi za majira hayo. Hewa ikiwa bado tamu wanang'oa maua yaliyochoka, wanapunguza bogenvilia iliyovuka ukuta, wanabadilisha mipira ya maji iliyopasuka, wanafunga neti ya kivuli juu ya mboga zilizobaki, kwa sababu wanajua kinachokuja. Kinachokuja ni joto la kumkausha mtu pamoja na soksi zake. Mwenye kutaka mboga hapa anasia mwezi wa kumi. Aliyechelewa kabisa anasia Februari, chini ya neti, na kuomba Mungu.

Joram alikata bogenvilia, sawa. Alitengeneza mipira, sawa. Alibeba udongo wa magunia mgongoni hadi shati likamganda, na Kerubo, aliyekuwa dirishani akijifanya anapangusa vioo, alipangusa kioo kimoja muda mrefu sana. Lakini kusia? Hapana.

"Bado," alisema kila Ijumaa. "Mvua bado."

"Mvua gani, Joram? Hapa ni Doha."

"Mvua ya Kitale. Mama yangu hajapanda."

"Na mama yako akipanda, maji yake yanafika Al Wukair kwa bomba?"

"Wewe Kerubo ni mtu wa mapokezi. Mambo ya shamba niachie mimi."

Mwisho wa Machi mvua ikagonga bati huko Kitale, mama yake akapiga simu, na Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo huo Joram akasia managu akipiga mluzi. Neti ya kivuli iliyoachwa na mpangaji wa zamani aliivua akaikunja vizuri. "Mboga inataka jua," alisema. Msomaji, jua Doha halijawahi kumnyima mtu.

Na sasa ilikuwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Mama kufika. Lango la nyuma likalia.

"Hodi wenyewe! Shemeji Phyllis, umeamkaje?"

"Shemeji yako anakaa mtaa gani?" Phyllis alijibu kutoka jikoni. "Mimi nimetoka zamu, naenda kulala. Msinipigie kelele."

Kerubo alitoka na unga mikononi. Alimkuta Joram amesimama mbele ya tuta, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kutoa pole.

"Umeyaona?" Kerubo aliuliza.

"Nayaona."

"Yako wapi?"

"Si haya hapa."

Kerubo aliinama. Juu ya udongo mweusi kulikuwa na mistari ya vitu vyembamba vya kahawia, kama majani ya chai yaliyomwagwa baada ya kuchujwa.

"Yamelala," Joram alisema.

"Yamelala."

"Mche ukihamishwa hulala kidogo, halafu unaamka."

"Hukuhamisha mche, Joram. Ulisia mbegu."

"Basi yamechoka. Si yametoka chini?"

"Joram, yamekufa."

"Usiseme hivyo karibu nayo."

Kerubo alivuta pumzi. Akakumbuka kwamba yeye ni mtu wa kunyamaza. Akanyamaza. Kwa kweli alinyamaza vizuri sana, hata akajipongeza moyoni, na angeendelea kunyamaza hadi jioni kama Joram asingefungua bomba.

Mpira wa maji ulikuwa umelala juani tangu alfajiri. Maji yaliyotoka yalifuka mvuke. Joram akayaelekeza kwenye tuta kwa upendo, akianzia kona hadi kona, huku akiimba taratibu.

"UNAYACHEMSHA!"

Joram akaruka. "Nini?"

"Unayachemsha! Yamekauka, sasa unayapika! Hata hayajachumwa unayapika! Weka mguu wako hapo uone! Weka!"

Joram aliweka kidole, akakirudisha haraka. "Ni ya uvuguvugu tu."

"Uvuguvugu! Nilikuambia mwezi wa pili usie, ukaniambia mvua. Mvua! Nikakuambia acha neti, ukaivua ukaikunja kama shuka! Nikakuambia samadi ya mbuzi ikae kwanza ipoe, ukaileta mbichi kutoka zizini kwa bosi wako, mpaka mwalimu wa juu akafunga madirisha wiki nzima! Kuna kitu kimoja, Joram, kimoja tu, nilichokuambia ukasema, ndiyo Kerubo, hebu nijaribu?"

"Kerubo, sauti."

"Sauti yangu imefanya nini?"

Dirisha la juu likafunguka. Mwalimu wa Kimisri akatoa kichwa, miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Ya binti, kullu tamam?"

"Tamam, ustadhi!" Kerubo alisema, akijaribu kutabasamu na unga hadi kwenye viwiko. "Salama kabisa!"

Dirisha likafungwa polepole, kama la mtu asiyetaka kukosa sehemu inayofuata.

Kerubo alikaa juu ya gunia tupu. Uso ulikuwa unamwaka. Kilichomuudhi zaidi si managu. Kilichomuudhi ni kwamba Joram alikuwa amesimama pale, mpira wa maji ukimtiririkia viatuni, na bado alimwona mzuri.

"Niambie tu kitu kimoja," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Wewe si mjinga. Unajua barabara zote za nchi hii, hata zile zinazobadilishwa kila wiki. Kwa nini hili lilikushinda?"

Joram alifunga bomba. Alichukua muda kuukunja ule mpira, akiuviringisha na kuukunjua tena.

"Mama yangu anapanda peke yake siku hizi," alisema. "Tangu mzee aondoke. Nikiwa nyumbani nilikuwa nashika kamba upande ule, yeye anashika upande huu, tunanyoosha mistari. Sasa upande wangu anaufunga kwenye kijiti. Siku aliyopiga simu nilisikia mvua juu ya bati. Nilikuwa kwenye gari nangoja watoto watoke shule, AC imenipiga kifuani, na nasikia bati. Nikajiambia, nikipanda siku zile anazopanda yeye, ni kama bado nimeishika."

Kerubo aliokota kimche kimoja kilichokauka, akakiviringisha vidoleni.

"Nilijua ni joto," Joram aliongeza. "Siyo kwamba sikujua."

"Sasa jambo kama hilo," Kerubo alisema, "si unaniambia mapema?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo! Ningekucheka, halafu ningekusaidia! Tungepanda mistari ya mama yako na mistari ya mama yangu! Mwanaume gani huyu, ananyamazia kitu kizuri na kunipigia kelele kitu cha kijinga!"

Joram alicheka kidogo, pengo likaonekana, na kwa dakika hiyo moja mambo yangeweza kuisha vizuri. Lakini alitazama tuta tena, na kicheko kikamtoka usoni.

"Basi kiti mpe Job," alisema.

"Umesema nini?"

"Mpe Job. Nilimwahidi dada yako mbele ya watu. Nimeshindwa. Siwezi kukaa mbele ya mama wa watu nikila wali na macho yangu yako kwenye sahani. Job ni mtu mzima. Ana nyumba, ana friji inayotengeneza barafu yenyewe."

"Nimekuuliza habari ya friji?"

"Nasema tu ukweli."

"Hiyo friji mimi nitaolewa nayo? Ndiyo itaniuliza nimeshindaje? Joram, wiki zote hizi umebishana na mimi juu ya udongo, juu ya neti, juu ya mvua ya nchi nyingine. Leo ndiyo unakubali kushindwa? Leo? Kwa jambo hili?"

"Kerubo, mimi ni dereva."

"Nilifikiri ni rubani! Ahsante kwa kunijulisha!"

Joram alichukua jembe lake, akalipangusa udongo kwa kiganja, akaliweka begani.

"Ukitoka kwa hilo lango," Kerubo alisema, na sauti ikaanza kupanda tena bila ruhusa yake, "usirudi! Umesikia? Usinipigie, usinitumie salamu, usinitumie hata picha ya paka!"

Joram alitoka. Alilifunga lango taratibu kabisa, kwa vidole viwili, lisilie. Hilo ndilo lililomuudhi Kerubo kuliko yote. Angalau angelibamiza.

Jikoni, Phyllis alikuwa amesimama na kanga ya kulalia, usingizi umemkimbia.

"Mm," alisema.

"Usianze."

"Mlikuwa mnagombania nini?"

"Mpira wa maji."

"Mpira wa maji tu, mpaka mwalimu akachungulia?"

"Ulikuwa na tundu."

"Na managu?"

Kerubo aliuchukua unga, akaupiga. "Managu yako sawa."

Hapo ndipo uongo ulipoanza. Wala hakujua kwa nini aliusema. Ulimtoka wenyewe.

Mama alifika Jumatano, akiwa na mkoba wa karanga na unga wa wimbi, na maoni kuhusu kila kitu. Doha ilikuwa safi kupita kiasi, watu walikuwa wachache barabarani, na mkwe wake Augustine alikuwa amekonda. Usiku wa kwanza, akiwa amejilaza kwenye kitanda cha Kerubo, alianza.

"Phyllis ananiambia kuna kijana amenilimia mboga."

"Ni mtu tu, Mama."

"Mtu tu analimia watu managu jangwani?"

"Tumemalizana."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Sasa hiyo simu unaiangalia nini?"

"Naangalia saa."

"Saa iko ukutani hapo."

Kerubo aliigeuza simu kifudifudi. Haikuwa imelia. Haikulia Alhamisi pia. Kazini alimhudumia mgonjwa mmoja mara mbili na mwingine akamsahau kabisa, mgonjwa wa watu akabaki pale ameshika shavu. Kila alipopata nafasi alimwambia Joram mambo makali kichwani mwake, akamshinda kwa hoja kila mara, na kila mara Joram wa kichwani akacheka, pengo wazi, na ushindi ukaharibika.

Ijumaa Kuu walikwenda kanisani. Uwanja wa kanisa ulijaa, Wafilipino upande huu, Wahindi upande ule, Wakenya kwenye kivuli wakisalimiana kwa makelele. Joram alikuwa mbali, karibu na ukuta, na shati la bluu alilolipiga pasi hadi mikunjo ikasimama. Alimwona Kerubo. Alimtazama kama mtu anayetazama nyumba aliyohamishwa. Kisha akatazama viatu vyake, na watu wakapita katikati yao, na walipomaliza kupita hakuwepo.

"Ni nani yule umemkodolea macho?" Mama aliuliza.

"Nilikuwa natafuta gari."

"Mm," alisema Mama, na Kerubo akajua Phyllis aliirithi wapi.

Kwenye gari, Phyllis aligeuka kutoka kiti cha mbele. "Nimemwambia Job akae tayari Jumapili. Ahadi ni ahadi, Joram bado ana nafasi yake. Lakini mbona kimya? Managu yanachumwa lini?"

"Jumapili asubuhi," Kerubo alisema. "Yaingie chunguni yakiwa mabichi."

Augustine, aliyekuwa akiendesha, alimtazama kupitia kioo, akaamua kutazama barabara.

Jumamosi alipotoka kazini hakwenda nyumbani. Alichukua teksi hadi Al Mansoura, akapanda ngazi za jengo la Loice, mwanamama aliyewapikia nusu ya Wakenya wa mtaa ule ugali na mboga. Juu ya paa, chini ya neti mbili, Loice alikuwa na managu kwenye ndoo za rangi, aliyoyasia mwezi wa kumi kama binadamu.

"Nataka managu, dada."

"Nikukatie ya kupika watu wangapi?"

"Usikate. Nataka na mizizi yake."

Loice aliweka kisu chini. "Na mizizi."

"Ndiyo."

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Mimi, dadangu, nimeuza mboga hapa tangu nifike. Wenye njaa wananiuliza majani. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza mizizi. Anaitwa nani?"

"Hakuna mtu. Ni mimi nataka kufuga."

"Managu hayafugwi."

"Loice, tafadhali, ng'oa!"

Loice aling'oa huku akicheka peke yake, akayafunga kwa gazeti lenye maji, akaongeza mengine bila kuulizwa. "Umwagilie jioni na alfajiri," alisema. "Na huyo hakuna mtu, umsalimie."

Jumapili ya Pasaka, Phyllis alikuwa bado kazini, Augustine alikuwa akikoroma, na mbingu ya Al Wukair ilikuwa imeanza tu kuwa nyeupe upande wa baharini. Kerubo alipiga magoti kwenye tuta. Jembe lilikuwa limeondoka na mwenyewe, kwa hiyo alichimba kwa mwiko wa ugali. Aliyang'oa yale majani ya chai ya Joram mstari baada ya mstari, akaweka ya Loice, akashindilia kwa vidole, akaenda shimo jingine. Huku akichimba alinung'unika.

"Mtu mzima... mvua ya Kitale... mtu anavua neti, Mungu wangu... halafu anafunga lango kwa vidole viwili... vidole viwili!... na mimi huyu niko hapa kwenye samadi ya mbuzi wa watu... mjinga ni nani sasa?... wewe kaa wima, usilale, umesikia? Usinilalie kama wenzako..."

"Huo mwiko ndio utakaotupikia ugali mchana?"

Kerubo aligeuka haraka, nusura akalie managu. Mama alikuwa amesimama mlangoni, leso mabegani, kikombe cha chai mkononi. Chai ilikuwa imeshafika nusu.

"Mama! Umeamka?"

"Niliamka ukiwa mstari wa kwanza."

"Nilikuwa napalilia kidogo."

"Naona."

Mama aliweka kikombe kwenye kizingiti, akashuka, akachuchumaa kandokando ya tuta. Akaushika mche mmoja kwa vidole viwili, akauvuta. Ulitoka bila kubisha, na udongo wake wa chini ukiwa bado wa mviringo kama ndoo, na doa la rangi nyeupe pembeni.

"Haya yalisiwa lini?"

"Machi, Mama. Joram aliyasia Machi. Mvua ilipo..." Kerubo akanyamaza.

"Mvua."

"Ya Kitale," Kerubo alisema, na ghafla machozi yakamjia, ya hasira na ya aibu na ya kukosa usingizi, yote kwa pamoja. Akasema yote. Akasema habari ya kamba na kijiti, habari ya bati kwenye simu, habari ya neti na maji ya moto, na kwamba Joram alimwambia mwenyewe kiti apewe Job. "Ya kwake yalikufa, Mama. Haya nimenunua. Usimwambie Phyllis. Akijua, Job atakaa pale mchana, na wewe utarudi nyumbani na jina lake, halafu itakuwa imekwisha. Na mimi sitaki friji. Sitaki."

"Friji gani tena?"

"Basi tu, Mama."

Mama aliurudisha mche shimoni. Alisukuma udongo kwa kiganja, mara moja, na mche ukasimama kuliko yote aliyopanda Kerubo.

"Mimi haya sitayala kama ya Joram," alisema. "Si yake. Phyllis ataambiwa hivyo hivyo."

Kerubo aliinamisha kichwa.

"Lakini huyo kijana nataka kumwona. Kiti kiko kwangu. Mkwe anakuja kwangu, si kwa Phyllis. Aje akae mbele yangu aniambie kwa mdomo wake mboga yangu ilikwenda wapi. Akinidanganya kama ulivyotaka kunidanganya wewe, basi nitakula keki ya yule mwingine. Akisema kama ulivyosema sasa, nitamsikiliza. Mpigie."

"Mimi? Simpigii. Tumemalizana, nilikuambia."

"Basi nitampigia mimi. Nipe namba."

"Sina," Kerubo alisema haraka, akijipangusa pua kwa kiwiko. "Niliifuta ile Ijumaa. Hata sikufikiri mara mbili. Mimi nikimalizana na mtu nafuta kila kitu, Mama, sibakishi hata herufi."

"Aa." Mama alitoa simu yake kubwa ya vitufe kutoka kwenye leso, akaishika mbali na macho, kidole kikiwa juu. "Na inaanza na ngapi?"

Na Kerubo, kabla mdomo haujakumbuka uko upande wa nani, akaitaja namba yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuvuta pumzi.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Polepole, mwanangu," alisema. "Mimi bado niko kwenye ile tano ya kwanza."